Uzoefu wangu na kipimo cha volti za kinyume za diodi

Multimita ya kawaida hueleza kama diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ni nzima au imekufa, lakini haielezi itastahimili volti ngapi umeme ukija kinyume. Kwa sababu hiyo niliagiza kutoka Dar es Salaam kipimo kidogo cha betri, kinachopandisha volti hadi 1,000 kwa mkondo mdogo mno usioweza kuunguza diodi, nami nakitumia nyumbani hapa Mbeya ninapotengeneza chaja na redio.

Matumizi yake ni mepesi. Mguu wa upande wenye mstari hubanwa kwa waya mwekundu, wa pili kwa mweusi, kisha unabonyeza kitufe na kutazama namba zikipanda; zinaposimama, ndipo diodi imeanza kupitisha umeme kinyumenyume. Faida kubwa nimeiona kwenye diodi zinazouzwa kama 1N4007, ambazo kiwango chake ni volti 1,000. Katika mfuko nilioununua soko la Mwanjelwa, nyingi zilifika mwisho wa kipimo bila kusimama, ila chache zilikwama karibu na 450, ingawa maandishi yake hayakutofautiana hata kidogo na ya zile nzuri. Diodi za namna hiyo hazifai kwenye umeme wa nyumbani: volti 230 zina kilele cha takriban 325, na diodi moja inayofuatwa na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) hulazimika kuhimili karibu mara mbili ya kilele hicho, yaani 650.

Kwenye zena, yaani diodi zilizoundwa kupitisha umeme kinyume zikifika volti maalumu, sikuridhika sana. Zile za volti 12 husomeka vizuri (asubuhi za baridi ya Julai hushuka kidogo, jambo la kawaida kwa zena za volti hizo), lakini 1N4733 ya volti 5.1 husomeka pungufu, kwa kuwa kiwango chake huwekwa kwa mkondo wa miliampia 49, ilhali kipimo hiki hakitoi hata miliampia moja. Karatasi ya maelezo haisemi lolote kuhusu hilo, na asiyejua anaweza kutupa zena nzima.

Vibanio vyake ni vilegevu, hivyo nimevibadilisha. Lililo zito zaidi ni kwamba nyaya hubaki na umeme kwa muda baada ya kuachia kitufe. Mimi husubiri namba zirudi sifuri ndipo niiguse diodi.