The Thing (1982): Hofu ya Kisichojulikana Katikati ya Barafu

Filamu ya The Thing, iliyoongozwa na John Carpenter, inawaweka wanaume 12 katika kituo cha utafiti huko Antaktika, kisha inawaletea kiumbe kutoka anga za mbali chenye uwezo wa kummeza mtu na kujigeuza mfano wake kamili, kwa sura, sauti na hata mwenendo. Hapo ndipo ilipo nguvu yake: kwa kuwa kiumbe hicho hakina umbo moja tunaloweza kulishika akilini, mtazamaji hajui amwogope nani, na kila mlango unapofunguliwa humkagua anayeingia kana kwamba naye yumo chumbani.

Onyesho la kupima damu linastahili kutazamwa zaidi ya mara moja. MacReady, anayeigizwa na Kurt Russell, anawafunga wenzake kwa kamba, anapasha waya moto na kuuchovya katika damu ya kila mmoja kwa zamu. Ukimya unaotangulia kila jaribio ulinibana kifua kuliko hata maumbo ya kutisha aliyoyabuni Rob Bottin bila msaada wa kompyuta, ingawa maumbo hayo, kwa maoni yangu, bado yanayashinda mengi ya siku hizi. Muziki wa Ennio Morricone unadunda polepole kama moyo.

Udhaifu upo: wahusika kadhaa hawapewi nafasi ya kutosha, hivyo vifo vyao havituumizi. Watoto wasioneshwe kabisa. Mwishoni wanabaki wawili wakitazamana katika baridi, kituo kikiteketea, na hatuambiwi nani bado ni binadamu. Nilizima runinga nikiwa ningali nazichunguza pumzi zao.