Altaneta ya gari la zamani: ipi ununue na ipi uachane nayo

Lalamiko la wenye magari ya zamani ni lile lile: dainamo, mashine ya zamani ya kuzalisha umeme wa gari, imetolewa, altaneta ya ampea 100 imefungwa mahali pake, lakini taa kubwa bado zinafifia na betri haijai. Muuzaji anasema betri imekufa. Inanunuliwa mpya, nayo inaishia pale pale.

Kwenye ampea sitakaa sana. Dainamo ya Lucas C40 ilitoa ampea 22 hivi, na gari likisimama bila kukanyagwa mafuta haikutoa kitu. Taa za halojeni, waipa, redio na feni ya umeme vikiwaka pamoja ni nadra kupita 40. Kwa hiyo altaneta ya 55 hadi 70 inatosha, na ukipita hapo mkanda mmoja wa feni huanza kuteleza. Swali ambalo hakuna anayeliuliza dukani ni hili: altaneta hiyo inapima volti wapi?

Regyuleta huongeza au hupunguza chaji kwa kusoma volti. Altaneta za waya mmoja hujisoma zenyewe, pale pale kwenye bolti ya kutolea umeme. Tuseme hapo pana volti 14.2. Waya wa zamani wenye unene wa milimita 3 za mraba na urefu wa mita 3 una ukinzani wa omu 0.0175. Pitisha ampea 40, volti 0.7 zinapotelea njiani. Betri inapata 13.5 tu, na regyuleta haina habari. Anayeendesha usiku, taa na feni vikiwaka, hataijaza betri yake hata altaneta iwe ya ampea 200.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni Delco-Remy 12SI, na sioni haya kuipendelea. Ina soketi ya waya mbili mbali na ule mnene wa kutolea umeme. Namba 2 ndiyo ya kupimia: ipeleke mpaka kwenye kiungo cha betri na vifaa vyote vinavyotumia umeme, siyo kuifupisha na kuirudisha kwenye bolti ya altaneta kama wengi wanavyofanya. Namba 1 inapita kwenye taa ya chaji ya dashibodi. Isipitie moja kwa moja kwenye swichi bila balbu au rezista, maana itaunguza regyuleta, au umeme utarudi nyuma na injini itakataa kuzima. Balbu iwe ya kawaida ya wati 2.2. Ya LED haipitishi mkondo wa kutosha kuiamsha altaneta. Ndugu yake mkubwa, 10SI, anafungwa vile vile na soketi ni ile ile, ila hupoa vibaya zaidi na ni dhaifu injini ikizunguka polepole.

Kwa magari ya Kiingereza yenye nafasi finyu, chukua Lucas 18ACR, ampea 43 hadi 45. Lakini igeuze uangalie nyuma: familia ya ACR ilitengenezwa kwa aina mbili, inayojipima yenyewe na inayopima kwenye betri. Unataka ya pili. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo hajui anachouza.

Nafasi ya tatu ni altaneta zilizovishwa ganda la dainamo, kama Dynator. Kwa anayetaka injini ionekane ilivyotoka kiwandani ni nzuri, na hukaa kwenye mabano yale yale. Kama geji ya mizunguko inaendeshwa kutoka nyuma ya dainamo, uliza kwanza kama kuna pa kuiunganisha.

Za bei ya chini zisizo na jina: beringi na dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) hufa mapema. Ziache.

Chochote utakachonunua, vuta waya mpya wa milimita 16 za mraba na fyuzi ya ampea 80 karibu na betri. Waya wa kupimia hauponyi waya mwembamba. Unailazimisha altaneta kufidia tu, na ule mwembamba unazidi kuchemka. Geji ya ampea ya 30 kwa 30 iondoe kwenye njia, weka ya volti. Gari likiwa bado na chanya ya betri imeungwa kwenye bodi, geuza kwanza iwe hasi: betri, waya za koili, na redio kama ipo. Altaneta ikiunganishwa kinyume, dayodi zinakufa papo hapo.

Kisha pima. Injini kwenye mizunguko 2000, taa zote zinawaka, mita kati ya bolti ya altaneta na chanya ya betri: isizidi volti 0.3. Kati ya ganda la altaneta na hasi ya betri: isizidi volti 0.2. Ikizidi upande wa hasi, kwangua rangi chini ya mabano. Rangi mpya haipitishi umeme.

Linaloniudhi zaidi ni lebo. Ampea zinazoandikwa ni za rota, sehemu ya ndani inayozunguka, ikizunguka mara 6000 kwa dakika, ilhali kwenye foleni haifiki hata nusu ya hapo. Na “iliyofufuliwa” mara nyingi ina kipya kimoja tu, rangi. Dai karatasi ya majaribio yenye ampea za mzunguko mdogo, izungushe rota kwa mkono usikilize beringi, na uombe kuonyeshwa kaboni zinazopeleka umeme kwenye rota. Muuzaji akikataa kufungua, mrudishie.