Uzoefu wangu na cscope kwenye msimbo wa Linux, hapa Njiro

Msimbo wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo, kinachoongea na vifaa vya kompyuta) una zaidi ya mistari milioni 30, kwa hiyo bila zana nzuri utazunguka tu humo ndani. Mimi niliingizwa humo na modemu ya USB: kompyuta inaiona, kuunganisha haiunganishi. Nafanyia kazi nyumbani, Njiro, Arusha, kwa bando la simu na laptopu yenye RAM ya GB 4. Wenye hali kama yangu, haya yanawahusu.

Zana niliyoipenda kuliko zote ni cscope, ya kutafuta vitu ndani ya msimbo. Ni ya zamani, ilizaliwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, na tangu 2000 ni programu huria. Ukiwa kwenye folda ya kerneli unaandika `make cscope`, unaiacha itengeneze faharasa yake, kisha unaifungua kwa `cscope -d` ili isianze upya kila mara. Hapo unauliza: fanksheni hii inaitwa wapi? Jina hili limetajwa wapi? Inajibu papo hapo, bando liwepo lisiwepo.

Kazi yangu ilianzia `drivers/usb/serial/option.c`, faili lenye jedwali refu la namba za modemu. Nikauliza `option_probe` inaitwa wapi. Jibu: hakuna. Mgeni anaweza kudhani fanksheni hiyo imeachwa tu, ila kerneli ina desturi ya kuweka fanksheni ndani ya struct (kifurushi cha data katika C) na kuziita kwa kupitia huko. Kwa hiyo uliza alama (yaani jina la fanksheni) imetajwa wapi, siyo nani anaiita. Nilipouliza hivyo ikanionyesha mstari wa `.probe = option_probe`, na toka pale nikafuatilia hadi `usb_serial_probe`, ndiko inakoitwa. Namba ya modemu yangu haikuwemo kwenye jedwali. Nikaijaribu kwanza kupitia `new_id`, faili la kumpa dereva namba mpya bila kugusa msimbo, ikaunganisha, ndipo nikaongeza mstari kwenye jedwali.

Universal Ctags, zana nyingine ya faharasa ya msimbo, nayo ninayo. Ndani ya Vim (kihariri cha maandishi), Ctrl-] inakupeleka fanksheni ilipoandikwa, Ctrl-T inakurudisha, na inajua lugha nyingi, wakati cscope nguvu yake ni C. Lakini Ctags haikuambii nani anaita nini, na hilo ndilo swali ninaloliuliza zaidi.

clangd, programu inayosaidia kihariri kuelewa msimbo, inaielewa C kwa undani kuliko zote hizi, maana imejengwa juu ya kompaila. Makro (vifupisho vya msimbo vinavyopanuliwa kabla ya kukompailiwa) zinazoichanganya cscope, clangd inazimudu. Ila inataka `compile_commands.json`, faili linaloeleza kila faili linavyokompailiwa, na inapotengeneza faharasa ya kerneli laptopu yangu inalemewa kabisa. Mwenye GB 16 aanze nayo. Elixir ya Bootlin, tovuti ya kusomea msimbo wa kerneli, ni nzuri mno kwa kulinganisha matoleo kwenye kivinjari, mradi uwe na intaneti.

Kuhusu bando: ukishusha msimbo kwa git (zana ya kutunza matoleo ya msimbo), `git clone --depth=1` inaokoa data nyingi, lakini unakosa historia, na `git log -S` haitakuonyesha mstari uliingia lini. Ukipata Wi-Fi ya uhakika, endesha `git fetch --unshallow`.