Mofini ya maji: tathmini ya binti anayemuuguza mama

Nyota tano kwa dawa yenyewe, ambayo ni ya maumivu makali, nyota mbili kwa upatikanaji wake. Naandika kwa ajili ya mtu anayemuuguza mzazi wake na ameambiwa na ndugu, au hata na mhudumu wa afya, kwamba "mofini bado, hajafika huko."

Mama yangu ana saratani ya ovari, ile ya vifuko vya mayai, nayo imemrudia mara mbili. Ni mtu wa Ngamiani, Tanga, ametulea na kutusomesha kwa vitumbua vya alfajiri. Mimi ni binti yake wa pili, mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye ninayempimia dawa.

Mara ya kwanza alipasuliwa, wakatoa kizazi na vifuko vyake, kisha akawekewa dripu sita za kemo, yaani dawa za saratani karboplatini na paklitakseli, moja kila baada ya wiki 3. Kipimo cha damu cha CA-125, kinachotumika kufuatilia saratani hii, kikashuka, nywele zikaota, mama akarudi jikoni kwake. Ugonjwa uliporudi ilikuwa imepita zaidi ya mwaka, na daktari akatuambia hapo pana matumaini, kwa sababu ukirudi baada ya miezi 6 au zaidi tangu dripu ya mwisho, dawa za jamii ya platinamu, kama ile karboplatini, zina nafasi nzuri ya kufanya kazi tena. Zikafanya kweli. Uliporudi mara ya pili, miezi 6 haikutimia. Tumbo likaanza kujaa maji, na maumivu yakaja ambayo hatukuwahi kuyaona.

Hospitali tuliyokuwa tukienda wakati ule, siitaji jina, walimpa panadoli na diklofenaki, baadaye tramadoli. Nilipouliza habari za mofini nikajibiwa kwamba hiyo ni ya wale ambao matibabu yao yameshindikana. Jibu hilo si sahihi, na nasikitika kwamba wagonjwa wengi bado wanapewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu ya saratani ulitoka mwaka 1986, na ngazi zake zilipangwa kwa ukubwa wa maumivu: panadoli na wenzake, kisha kodeini au tramadoli, kisha mofini. Hakuna ngazi inayouliza mgonjwa amebakiza muda gani. Mtu anaweza kunywa mofini huku akiendelea na kemo, na wengi hufanya hivyo.

Nieleze kilichotokea nyumbani kipindi kile, maana ndicho kinachonifanya niipe dawa hii nyota zote tano. Daktari alikuwa ametupa njia tatu: paklitakseli kila wiki, doksorubisini kila baada ya wiki 4, au kuacha kemo na kushughulikia maumivu na maji ya tumboni. Kaka yetu aliyeko Muscat akataka mama apelekwe India, yuko tayari hata kuuza gari. Mama mdogo akaja na majani ya mstafeli, akachemsha sufuria kubwa. Mjomba akasema dada yake ameteseka vya kutosha, aachwe apumzike. Kila mmoja aliingia chumbani kwa mama akatoka na idhini yake. India, sawa. Mstafeli, sawa. Kuacha, sawa. Mtu asiyelala usiku, aliyejikunja upande mmoja kwa sababu upande wa pili haulaliki, hana nafasi ya kuchagua. Anakubali lolote ili watu watoke, mlango ufungwe.

Nilikasirika sana siku zile, na hasira yangu haikuwa kwa ndugu zangu, kwa sababu wote walikuwa wakimpenda. Ilikuwa kwamba tunabishana juu ya maisha ya mtu ambaye hakuna aliyemwondolea maumivu kwanza.

Rafiki yangu mmoja ndiye aliyetuelekeza kwenye kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, katika hospitali nyingine. Sista wa pale alimuuliza mama maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: panauma wapi, panauma vipi, panakuamsha saa ngapi, ukiambiwa uyape maumivu alama kati ya sifuri na kumi utayapa ngapi. Mama akasema tisa. Tukaondoka na chupa ya mofini.

Dawa yenyewe ni maji. Unga wa mofini unachanganywa na maji safi, unatiwa kiasi kidogo cha dawa ya kuhifadhi ili isiharibike, basi. Yetu ina miligramu 5 katika kila mililita 5, kwa hiyo mililita moja ni miligramu moja na hesabu haimsumbui mtu. Lakini zipo chupa zenye nguvu zaidi ya hiyo, kwa hiyo kila mkipewa chupa mpya someni karatasi yake kabla ya kupima chochote. Uganda, ambako hospisi, yaani kituo cha tiba shufaa, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 ndiyo iliyoonyesha ukanda wetu kwamba dawa hii inaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo, huitia rangi ili ile hafifu isichanganywe na ile kali. Natamani kila mahali wafanye hivyo.

Mama alianzishwa kwa mililita 2.5 kila baada ya saa 4. Kazi yake haidumu zaidi ya hapo, ndiyo maana inapangwa kwa saa na haisubiri maumivu yarudi. Ratiba yetu ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kipimo maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Maumivu yakichomoza katikati, anapewa kipimo cha ziada, nami nakiandika kwenye daftari. Daftari hilo sista analisoma kuliko chochote kingine, kwa sababu vipimo vya ziada vikiwa vingi anajua kipimo cha kawaida hakitoshi na anakipandisha. Mama alipandishwa hadi 5, kisha 10. Sijawahi kupandisha mwenyewe. Tunapima kwa bomba lisilo na sindano, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani.

Ladha ni chungu. Mama anaifuatisha na juisi ya ukwaju.

Alianza kulala, kisha akaanza kukaa kitako, kisha akaomba tumtoe barazani. Maumivu aliyoyapa alama tisa akayapa tatu. Jioni moja akatuita sote, na kaka tukampigia simu akawekwa kwenye spika, akasema: "Mlikuwa mnagawana tumbo langu. Sasa mimi mwenyewe nauliza. Katika hayo yote, lipi linaponya na lipi linachelewesha?"

Swali hilo tulilipeleka kwa daktari pamoja naye, na akalijibu kwa heshima, akimtazama mama na si mimi. Hakuna linaloponya. Ugonjwa ukirudi kabla ya miezi 6, platinamu huwa imeshachoka, na dawa zilizobaki huweza kuusinyaza kwa baadhi ya wagonjwa, kwa miezi kadhaa. Paklitakseli ya kila wiki huweza pia kupunguza maji ya tumboni, lakini itamwongezea ganzi ya miguu aliyokuwa nayo tayari. Vidonge vya saratani vya olaparibu alivyoviona kaka mtandaoni vinawafaa zaidi wenye hitilafu katika jeni za BRCA, ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani hii, na ambao ugonjwa wao bado unaitikia platinamu. Dawa atakazopewa India kwa hali yake zingekuwa za ukoo uleule, ila huko atakuwa mbali na nyumbani. Kuhusu mstafeli daktari alisema hana ushahidi kwamba unatibu, na akaomba usichanganywe na kemo.

Mama akachagua paklitakseli ya kila wiki mpaka picha inayofuata, kwa sharti alilolisema mbele yetu wote: picha ikionyesha uvimbe unakua, anaacha, na asije mtu kumbembeleza. Kaka alilia kwenye simu. Mama akamwambia, "Usiuze gari, baba. Njoo unione." Akaja.

Picha ilionyesha uvimbe umekua, naye akaacha kama alivyosema. Chupa ya mofini haikubadilika wala kliniki haikubadilika, yule sista aliendelea kuwa yuleyule. Kwa familia yetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Siku aliyoacha kemo hakuna aliyehisi kwamba ametupwa, kwa sababu tiba iliyokuwa ikimshika ilikuwa imeanza mapema na ikaendelea.

Sasa madhara, na msiyapuuze. Siku chache za mwanzo alisinzia sana na kupata kichefuchefu, kisha vikaisha vyenyewe, na sista alikuwa ametupa dawa ya kuzuia kutapika kabla hatujaomba. Kufunga choo hakuishi. Anayepewa mofini apewe na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na msipopewa iulizeni kabla hamjaondoka dirisha la dawa. Mama anatumia bisakodili, na papai asubuhi. Ila kwa saratani hii ya ovari kuna onyo moja ambalo nataka kila anayeuguza alijue: uvimbe unaweza kuubana utumbo. Tumbo likijaa na kukaza, akatapika, na hata upepo hautoki, msimwongezee dawa ya choo. Nendeni hospitali. Na akianza kusinzia hata kumwamsha ni taabu, akishtukashtuka mikono, au mkojo ukipungua, pigeni simu kwa kliniki kabla ya kipimo kinachofuata, maana figo zikizidiwa mofini hujikusanya mwilini.

Kuna maumivu ambayo dawa hii haiyawezi vizuri. Ganzi na moto wa nyayo alivyoachiwa mama na kemo mofini ilivigusa kidogo tu, na sista akaongeza amitriptilini ya usiku. Na tumbo likijaa maji sana, kinachomsaidia ni kutolewa maji. Baada ya kutolewa maji mara moja alipungua maumivu kiasi kwamba kipimo cha mofini kilishushwa.

Nalitaja hilo la kushushwa makusudi, kwa ajili ya akina mama mdogo wote. Wetu aliposikia mofini alisimama katikati ya ukumbi akasema, "Mtamfanya dada yangu teja." Simlaumu. Tanga tunaujua unga, tumezika vijana kwa unga, na mofini na heroini zote asili yake ni ua moja la afyuni. Sista alimweleza kwa subira: mwili huizoea dawa, ndiyo maana haikatwi ghafla, hushushwa taratibu. Lakini mgonjwa wa maumivu anayepewa kwa kipimo sahihi haitafuti dawa kwa ajili ya raha, anatafuta kulala. Mama mdogo aliona kwa macho yake kipimo kinashushwa na dada yake hadai zaidi. Siku hizi yeye ndiye anayempa kipimo cha saa 4 asubuhi nikiwa darasani.

Mama mwenyewe hofu yake ilikuwa nyingine: je, ni halali? Alimwita imamu wa msikiti wetu, naye akamwambia kwamba dawa ya daktari kwa ajili ya dharura ya ugonjwa haina neno. Ramadhani ilipofika akataka kufunga. Imamu akarudi kumkumbusha kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona ameruhusiwa kula na kutoa fidia, kumlisha masikini mmoja kwa kila siku. Tukawa tunapeleka futari kwa jirani mjane, na mama ndiye aliyekuwa akichagua kila siku iwe nini.

Nije kwenye zile nyota mbili. Maduka ya dawa ya mtaani hayana mofini ya maji, msijichoshe kuzunguka. Inatolewa kwenye hospitali zenye kibali, inaandikwa kwenye rejista, na si kila daktari ana idhini au uzoefu wa kuiandika. Sisi hatukulipia dawa yenyewe, tulilipia nauli, na mtu wa kijijini nauli hiyo humshinda. Kuna wakati tuliambiwa unga wa mofini umekwisha, tukarudi na tramadoli na usiku ule ulikuwa mrefu mno kwa mama. Udhibiti naukubali, unga wa kulevya unaua. Lakini dawa iliyomo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu haifai kukosekana kwa mgonjwa wa saratani. Uganda tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika, na hilo limewafikia watu ambao daktari hawafikii. Kwetu pia lingefaa sana.

Mkienda kuitafuta, ulizeni kitengo cha tiba shufaa moja kwa moja, Kenya ulizeni hospisi. Chukueni cheti cha dawa, barua ya kliniki, kitambulisho cha anayetumwa, na chupa ya zamani hata kama imebakiza matone. Rudini siku chache kabla haijaisha. Nyumbani iwekeni mbali na jua na mahali ambapo watoto hawafiki, sisi tunaifungia kabatini. Ikibaki baada ya mgonjwa kutoihitaji tena irudishwe hospitalini, asipewe jirani hata akilia maumivu vipi, mpelekeni na yeye kliniki akapimiwe yake.