Zebra DS2278: skana nzuri ya kaunta, ila usiiache kama ilivyotoka kiwandani

Kwa duka la dawa, minimaketi au dirisha la stoo, DS2278, skana ya misimbopau isiyo na waya, inastahili bei yake. Inasoma misimbopau ya mistari na ya QR, hata ile iliyo kwenye skrini ya simu, kazi ambayo skana za leza huishindwa. Mtengenezaji anasema inavumilia kuanguka sarujini kutoka mita 1.5. Redio yake ni Bluetooth 4.0 na masafa ni mita 10 pasipo kizuizi. Weka rafu za chuma na watu katikati, nazo zinapungua. Mwenye ghala asijidanganye na hii. Atafute DS3678, skana nyingine ya Zebra, ambayo redio yake imepangwa kufika mita 100.

Kasoro kubwa haiko kwenye kusoma bali kwenye kufikisha. Skana inapolia, maana yake imeusoma msimbo. Kama tarakimu zote 13 zimeingia kwenye programu ya mauzo, hilo ni suala jingine, na hapo ndipo mipangilio inapohusika.

Kwanza, nunua yenye kitako, yaani kishikio cha mezani kinachochomekwa kwenye USB ya kompyuta na kuwasiliana na skana kwa redio. DS2278 inaweza pia kuungana moja kwa moja na Bluetooth ya kompyuta au tableti, na wengi huchukua njia hiyo ili kuokoa pesa. Ikiungana hivyo, kompyuta inaiona kama kibodi ya Bluetooth, na kila Windows ikisinzia, muunganisho unasinzia nao. Kiwandani skana imepangwa kuungana upya pale unaposoma msimbo unaofuata, ndiyo sababu bidhaa ya kwanza baada ya mapumziko huchelewa kuingia, na keshia asiye na subira anaisoma mara ya pili. Badilisha iwe inaungana upya papo hapo. Betri italiwa zaidi kidogo. Ukitumia kitako, kompyuta inaona kifaa cha USB cha kawaida, na mambo ya redio yanabaki kati ya kitako na skana.

Kitako nacho kina mitego. Usikichomeke kwenye USB 3.0, wala usikiweke jirani na diski ya nje ya aina hiyo. USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa ya GHz 2.4, palepale Bluetooth inapofanyia kazi. Tumia tundu la USB 2.0 na ukiweke juu ya kaunta, si nyuma ya mashine chini ya meza. Ruta ya Wi-Fi isogezwe mita moja au mbili, na ikiwezekana vifaa vyake vihamishiwe GHz 5. Bluetooth hurukaruka kati ya chaneli na kukwepa zilizojaa, kwa hiyo Wi-Fi ya jirani peke yake mara nyingi haiui mawasiliano. Vile vipokezi vidogo vya USB vinavyokuja na skana za bei rahisi si vyote vyenye uwezo huo wa kukwepa.

Kwenye Windows, fungua Device Manager, ingia kwenye USB Root Hub, sehemu ya Power Management, uondoe alama inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Ni dakika mbili tu, na malalamiko mengi ya "skana imekufa asubuhi" huishia hapo.

Sasa tarakimu zinazopotea. Skana inayojifanya kibodi huandika haraka kuliko mtu yeyote. Programu za mauzo zinazofunguliwa kwenye kivinjari, hasa zile zinazotafuta bidhaa kila herufi inapoingia, hushindwa kuifuata: 6201234567893 inaingia kama 620134567893, na mfumo unasema bidhaa haipo. Hapo weka ucheleweshaji kati ya herufi. Kuna ngazi tatu: sifuri, milisekunde 20 na milisekunde 40. Tarakimu 13 pamoja na Enter, ikiwa skana imepangwa kuituma mwishoni, ni mibofyo 14, kwa hiyo ngazi ya kati inaongeza takriban milisekunde 280 kwa bidhaa, na ya juu 560. Anza na 20. Ya 40 iache kwa kompyuta zilizochoka kweli, maana foleni ikiwa ndefu utaihisi.

Lugha ya kibodi nayo iangaliwe, hasa Kongo na Burundi ambako kompyuta nyingi ni za AZERTY, mpangilio wa kibodi wa Kifaransa. Skana ikidhani kibodi ni ya Kimarekani, 6161 itatokea -&-& kwenye skrini. Skana ni nzima. Chagua kibodi ya Kifaransa kwenye mipangilio yake. Na kama misimbo yako ina herufi, washa kinga dhidi ya Caps Lock.

Kuna mpangilio wa kuhifadhi data skana inapotoka nje ya masafa na kuituma inaporudi. Unavutia, lakini kwenye kaunta uuzime: bidhaa zilizohifadhiwa zinamwagika zote kwa pamoja, mara nyingi kwenye risiti ya mteja mwingine. Uwashe siku ya kuhesabu mali tu, ukiwa umefungua Excel tupu yenye safu iliyopangwa kuwa maandishi, la sivyo sifuri za mwanzo zitapotea. Shusha data kabla betri haijaisha.

Penye kaunta mbili zilizokaribiana, angalia mpangilio unaoioanisha skana na kitako chochote inachogusa. Ukiwa umewashwa na skana ikarudishwa kwenye kitako cha mwenzio, mauzo yako yanaingia kwake. Uuzime baada ya kuoanisha, kisha bandika namba ileile kwenye skana na kitako chake.

Mipangilio hii yote ya skana inawekwa kwa 123Scan, programu ya bure ya Zebra kwa Windows. Inakutolea karatasi yenye misimbo ya mipangilio yako, hivyo skana ya pili na ya tatu zinapangwa kwa kuisoma karatasi hiyo. Ifungie droo. Kisha zima usomaji wa misimbo ya mipangilio, ili asitokee mtu wa kuibadilisha kwa bahati mbaya. Msimbo wa kurejesha mipangilio ya mwanzo bado utafanya kazi, kwa hiyo mwongozo wenye msimbo huo usizagae kaunta.

Kabla ya kukabidhi, fungua Notepad, soma msimbo mmoja mara 50 ukiwa kila kona keshia anapofikia, halafu uangalie mistari. Inatakiwa iwe 50, yote yenye urefu sawa. Mstari mfupi unaashiria ucheleweshaji wa herufi hautoshi. Mistari ikipungua, tatizo ni redio au umeme wa USB. Milio minne mirefu na mizito ni hitilafu ya utumaji: data hiyo imetupwa, soma tena, na ikijirudia kagua aina ya muunganisho uliochaguliwa.