Kozi ya Kicheki ya jioni, Brno: mwalimu anajua kazi, ila Kislovakia wamekiacha nje

Kwa anayetafuta kozi ya Kicheki ya jioni hapa Brno, Ucheki, hii niliyosoma kwenye shule moja ya lugha mi naipa nyota 4 kati ya 5, na kama shida yako ni mtihani wa ukazi wa kudumu, ambao tangu 2021 ni kiwango cha A2, yaani ngazi ya pili kati ya sita za lugha za Ulaya, itakufikisha vizuri tu.

Mwalimu kwanza, maana ndo sababu ya kulipa. Ile herufi ř ya Kicheki, wengine wanakwambia utaizoea, yeye alitukalisha akatuonyesha, ulimi unatetemeka kama kwenye r, meno yanakaribiana, halafu unasukuma hewa kama unataka kutoa sh, na anapita kwa mtu mmoja mmoja mpaka aridhike. Tulianza na tři, yaani tatu, kwa sababu baada ya t inatoka nyepesi kama mnong'ono, ndo tukapanda kwenye řeka, mto, ambayo inataka sauti kamili. Maneno kama prst na krk yasiyo na irabu hata moja wazungu darasani waliteseka nayo, ila msemaji wa Kiswahili ana pa kushikia, hiyo r inabeba silabi yenyewe kama m ya mtu inavyosimama peke yake. Hata upatanisho wa kivumishi na nomino haukututisha, tumekulia kwenye ngeli. Kazi ipo kwenye nomino kubadilika mwisho kwa namna 7 kulingana na kazi yake kwenye sentensi, hadi jina la mtu ukimwita, Petr anakuwa Petře, na hapo mazoezi yao ni mengi na yanasahihishwa kwa makini sana. Maneno ya mtaani pia anafundisha, tramu hapa Brno ni šalina na usipojua hilo utapotezana na watu.

Sasa lalamiko langu, na nyota moja imeondoka hapa. Kitabu kizima, kipindi hadi kipindi, Kislovakia hakuna. Jamani hii ni Brno! Vyuo vimejaa Waslovakia na hakuna anayebadili lugha, Mslovakia anaongea chake Mcheki anajibu chake, mtu anajibu mtihani na kuandika tasnifu kwa Kislovakia na inapokelewa, halafu wewe mgeni umekaa katikati unadhani umesahau Kicheki ulichosoma jana. Niliuliza ofisini wakasema kitawachanganya wanafunzi. Sikubaliani kabisa. Wenyeji wa umri mkubwa wanaelewana kwa sababu walikuwa nchi moja tangu 1918 hadi mwisho wa 1992, ukiacha miaka ya vita 1939 hadi 1945, na televisheni ilikuwa inawachanganyia lugha zote mbili sebuleni, mpira kipindi cha kwanza unaweza kutangazwa kwa Kicheki cha pili kwa Kislovakia. Mgeni hajapata malezi hayo, ndo maana anahitaji kufundishwa.

Na wala si mengi. Ukiambiwa tu kwamba Kislovakia hakina ř, řeka ni rieka, tayari maneno kibao yanafunguka. Miezi ya Kicheki inabidi ukariri upya, leden, únor, ya Kislovakia ni január, február, hiyo unayo tangu utotoni. Mitego nayo ipo, horký kwa Mcheki ni ya moto, kwa Mslovakia ni chungu, sasa hebu fikiria mtu anakuonya kuhusu dawa. Pia somo hilo lingewasaidia wanaodhani Kislovakia ni Kicheki cha kijijini, maana mwanaisimu wao Ľudovít Štúr na wenzake walikiwekea msingi mwaka 1843 kwa kufuata usemi wa Slovakia ya kati, kabla ya hapo Waprotestanti wa kule walikuwa wanasali na kuandika kwa Kicheki cha Biblia ya Kralice, tafsiri ya kale ya Kicheki, na kukiita lahaja mbele ya wenyewe ni kuwavunjia heshima.

Mengine madogo: ada inalipwa yote kwa koruna kabla ya muhula, awamu hakuna, na kwa wanaojiandaa na mtihani wa uraia ambao ni B1, kundi la jioni la ngazi hiyo hawana, itabidi utafute kwingine. Ila mwalimu ukimfuata baada ya kipindi ukamuuliza Kislovakia anakueleza vizuri mno, na mifano anayo papo hapo, kwa hiyo ujuzi upo pale pale shuleni, ofisi iingize tu kwenye ratiba.