Mafunzo ya sheria kwa mashirika madogo mjini Mbarara: yanafaa, lakini yanaishia njiani

Kampuni ya ushauri ambayo sitaitaja jina, yenye ofisi katikati ya mji wa Mbarara, magharibi mwa Uganda, huendesha mafunzo mafupi kwa mashirika ya kijamii yanayotaka kuweka nyaraka zao sawa kisheria. Kilichotuvuta sisi tunaofanya kazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale ni kwamba kuna kundi linalofundishwa kwa Kiswahili. Semina nyingi za aina hii hufanyika Kampala kwa Kiingereza, na viongozi wa vikundi vya Wakongomani na Warundi hurudi na makabrasha mazuri wasiyoweza kuyasoma. Ada ni shilingi 150,000 kwa mtu, chai na chakula cha mchana vikiwemo, ila nauli ni juu yako. Kwa kikundi cha ushonaji kinachoishi kwa michango ya wanachama si fedha ndogo, hasa baada ya Marekani kusitisha misaada yake Januari 2025 na wafadhili wengi waliokuwa wakipitishia fedha kwetu kufunga miradi yao.

Nianze na linalostahili sifa. Mwalimu hasomi slaidi. Kila mshiriki huambiwa aje na faili la shirika lake, na darasa zima huendeshwa juu ya makaratasi hayo. Nilimwona akichukua faili la kikundi kimoja cha vijana, akaiweka katiba yao kando ya ripoti ya mwaka, kisha akatembeza kalamu kutoka mstari hadi mstari bila kusema neno. Katiba ilizungumzia kilimo cha mboga. Ripoti ilieleza mikutano ya kuhamasisha vijana kupiga kura katika kata ya jirani. Hapo ndipo alipoeleza, kwa utulivu, kwamba chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016 shirika la ngazi ya jamii hufanya kazi ndani ya kata au chini ya hapo, na kwamba kifungu cha 44 kinadai shirika lipate idhini ya kamati ya wilaya inayofuatilia mashirika na kutia saini makubaliano na serikali ya mtaa kabla ya kuanza shughuli mahali popote. Nimewahi kusikia kifungu hicho kikitajwa mara nyingi, lakini sikuwahi kuona kikielezwa kwa namna ambayo hata mweka hazina asiyemaliza shule angeweza kuirudia kwa wenzake jioni.

Sehemu ya benki nayo ilikuwa nzuri. Uganda iliwekwa kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, Februari 2020 kwa udhaifu katika kudhibiti fedha haramu, ikaondolewa Februari 2024, lakini maswali ya benki kwa mashirika hayakuondoka pamoja nayo. Mwalimu alionyesha namna ya kuandika barua inayoeleza chanzo cha fedha, na namna ya kutunza kumbukumbu za kikao kilichowachagua watia saini.

Tatizo ni kwamba mafunzo yote yamejengwa juu ya dhana kwamba anayenyoosha makaratasi yake amekwisha kusalimika. Ni kweli kwamba Agosti 2021, serikali iliposimamisha mashirika 54, sababu zilizotolewa zilihusu vibali vilivyokwisha muda, ripoti zisizowasilishwa na kutosajiliwa. Lakini miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2020, wiki chache kuelekea uchaguzi, akaunti za Uganda National NGO Forum, jukwaa la kitaifa la mashirika yasiyo ya kiserikali, na mtandao wa wanawake wa UWONET zilizuiwa kwa tuhuma za kufadhili ugaidi, na hayo ni mashirika makubwa yenye wahasibu na wanasheria wao. Mwanzoni mwa 2021 Rais Museveni akaagiza kusimamishwa kwa Democratic Governance Facility, mfuko uliogharamiwa na nchi za Ulaya, na mashirika yaliyoutegemea yakakauka bila kukosea fomu yoyote. Katika kabrasha letu hapakuwa na hata ukurasa mmoja juu ya hali hiyo. Mama mmoja wa kikundi cha kuweka na kukopa aliuliza vizuri kuliko mimi: "Mwalimu, wakifunga akaunti mwezi wa ada za shule, wanachama tuwaambie nini?" Akajibiwa kwamba hilo ni la wakili, tukaendelea na chai.

Kuna kasoro nyingine ndogo zinazoweza kurekebishwa. Kabrasha bado linaeleza ofisi inayosimamia mashirika kana kwamba ni taasisi inayojitegemea, wakati tangu mageuzi ya mwaka 2024 kazi zake zimo ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Aidha tunashauriwa kuhifadhi kila kitu mtandaoni. Mtu yeyote aliyekuwa nchini Januari 2021, intaneti ilipozimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, angeongeza shauri la kuweka nakala za karatasi kwa mtu wa pili, nje ya ofisi. Chakula kilikuwa kizuri mno. Eshabwe ile, mchuzi wa samli wa Ankole, peke yake inakaribia kuhalalisha nauli.

Kwa kikundi kinachojiandaa kusajiliwa wilayani, au ambacho ripoti zake zimelala, ningeshauri mlipie mafunzo haya, na ni afadhali mwende katibu na mweka hazina pamoja kuliko mwenyekiti peke yake. Shirika linalofuatilia uchaguzi, ardhi au haki za waliokamatwa litafute kwanza wakili atakayepokea simu usiku, kisha ndipo lifikirie mafunzo haya. Mkilipa, ulizeni mapema tarehe ya kundi la Kiswahili, kwa sababu likikosa watu wa kutosha huunganishwa na la Kiingereza bila kutangazwa, na ada hairudishwi.